James Augustus Grant

James Augustus Grant (Nairn, Uskoti, 11 Aprili 1827 – Nairn, 11 Februari 1892) alikuwa mwanajeshi, mpelelezi, mkusanyaji wa mimea na mchoraji wa rangi za maji kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kama mwenzake John Hanning Speke katika safari ya miaka 1860–1863 iliyoanzia Zanzibar na Bagamoyo, ikapita chini ya Milima ya Uluguru, Unyamwezi, Karagwe, Buganda na Bunyoro, kisha ikafuata Mto Naili hadi Misri.

Katika vitabu vingi vya historia jina lake hutajwa mara moja tu, baada ya jina la Speke, kana kwamba ni mkia wake. Lakini sehemu kubwa ya picha ambazo wasomaji wa karne ya 19 walizitumia kuwazia nchi za maziwa makuu zilitokana na mkono wa Grant. Alizichora akiwa safarini, mara nyingi akiwa mgonjwa, ndani ya hema au kibanda, katika saa chache zilizobaki baada ya mwendo wa siku.

Miaka ya mwanzo

Grant alizaliwa katika mji mdogo wa Nairn, pwani ya kaskazini ya Uskoti, ambako baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisoma Nairn, kisha Aberdeen, na katika chuo cha Marischal mjini humo alijifunza sayansi ya viumbe. Mwaka 1846 alijiunga na jeshi la Kiingereza nchini Uhindi. Alipigana katika vita dhidi ya Masingasinga vya 1848–1849, na wakati wa uasi wa 1857 alijeruhiwa mkononi katika mapigano ya kuwaokoa Waingereza waliozingirwa Lucknow. Mwaka uliofuata alirudi Uingereza.

Huko Uhindi ndiko alikofahamiana na Speke, ambaye naye alikuwa afisa kijana na mpenda uwindaji. Speke aliporudi kutoka safari yake ya maziwa makuu na Richard Burton (1857–1859), akiwa na hakika kwamba ziwa aliloliona upande wa kusini ndilo chanzo cha Naili, alitafuta mtu wa kwenda naye tena. Safari ile iliishia katika ugomvi mkali kati yake na Burton, hivyo safari hii alihitaji mtu ambaye asingegombea naye sifa. Alimchagua Grant, na katika hilo hakukosea.

Kutoka Zanzibar hadi Ukutu

Waliondoka Uingereza Aprili 1860, wakapitia Rasi ya Tumaini Jema na kufika Zanzibar Agosti 1860, wakati wa Sultani Majid bin Said. Mmoja wa picha za rangi za maji za mwanzo za Grant katika Afrika ya Mashariki unaonyesha soko la watumwa la Zanzibar. Mwisho wa Septemba walivuka kwenda Bagamoyo, na tarehe 2 Oktoba 1860 msafara ukaanza kuelekea bara.

Ulikuwa msafara wa watu zaidi ya 200: wapagazi, waungwana waliokuwa zamani watumwa, askari Wabaluchi wa Sultani, na askari 10 kutoka Rasi. Walikuwa pia na nyumbu 12, punda 3 na mbuzi 22. Mkuu wa msafara alikuwa Sheikh Said bin Salim, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa Uhindi, alikuwa mkalimani na msimamizi. Kila mpagazi alichukua mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Karibu yote ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba, maana hizo ndizo zilikuwa fedha za kununulia chakula na kulipia hongo. Kitu chochote kisichonunua chakula kilikuwa kinabebwa kwa gharama ya kitu kinachonunua. Jambo hili lina maana kubwa kwa habari ya picha za Grant, kama itakavyoonekana.

Njia yao haikupita mahali palipo mji wa Morogoro wa leo. Mji huo, upande wa kaskazini wa Uluguru, wakati huo ulikuwa na ngome ya Kisabengo, na ulikuja kujulikana kwa wasomaji wa Ulaya baada ya Henry Morton Stanley kuupitia mwaka 1871. Speke na Grant walifuata njia ya kusini: walipanda bonde la Mto Kingani, ambao leo huitwa Ruvu, kupitia Uzaramo, hadi Kidunda karibu na mahali Mto Mgeta unapoingia. Kutoka hapo waliufuata Mgeta kupitia Duthumi hadi Zungomero, katika nchi ya Wakutu. Maeneo haya leo yamo katika mkoa wa Morogoro. Walifika huko katika nusu ya pili ya Oktoba.

Anayesafiri leo kwenda Kisaki anaona kile walichokiona: tambarare yenye joto na unyevu, na upande wa kaskazini ukuta wa milima inayofika zaidi ya mita 2,600, ambayo mara nyingi hujificha ndani ya mawingu kabla ya adhuhuri. Mawingu hayo yanatoka Bahari ya Hindi na kugonga miteremko ya mashariki, ndiyo maana upande huo wa Uluguru hupata mvua nyingi kuliko upande wa Morogoro mjini. Lakini nchi iliyokuwa chini ya milima haikuwa na raha. Biashara ya watumwa na njaa vilikuwa vimeacha vijiji vingi vya Wakutu bila watu, na Speke, aliyewahi kupita Zungomero miaka mitatu kabla, aliiona tofauti. Huko Ukutu na katika milima ya Usagara iliyofuata, magonjwa yaliushambulia msafara. Askari wa kutoka Rasi waliumwa sana. Grant alipata homa ambayo iliendelea kumrudia mara kwa mara katika safari nzima.

Kamera inarudishwa pwani

Mwanzoni Grant hakutarajiwa kuwa mchoraji. Katika mgawanyo wa kazi, Speke alipima njia kwa saa na dira, alitafuta latitudo kwa nyota, aliandika shajara na kukusanya wanyama na mawe. Grant alipewa mimea, vipimajoto, kipimo cha mvua, na upigaji picha wa kamera.

Picha ya kamera ya mwaka 1860 haikuwa jambo la kubonyeza kitufe. Njia iliyokuwa ikitumika, iliyobuniwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, ilihitaji kioo kipakwe dawa nzito yenye etha, kichovywe katika nitrati ya fedha gizani, kiingizwe katika kamera kikiwa bado kimelowa, kisha kisafishwe kwa dawa nyingine mara moja. Dawa ikikauka kabla kazi haijaisha, picha imeharibika. Kwa hiyo mpiga picha alilazimika kubeba vioo, chupa za dawa, kamera na hema dogo la giza, na kujifungia humo kila mara alipotaka picha moja. Mtu anayejua joto la bonde la Mgeta mwezi wa Oktoba anaweza kuwazia hali ya mtu mwenye homa ndani ya hema lililozibwa kila upande, akivuta mvuke wa etha.

Speke aliona kwamba kazi hiyo ingemuua mwenzake. Msafara ulipokuwa bado Usagara, alirudisha kamera pwani pamoja na baadhi ya askari wagonjwa wa Rasi. Kutoka hapo Grant akaanza kutumia rangi za maji.

Uamuzi huu unaweza kuhesabiwa kama hasara, kwa kuwa picha za kamera za Karagwe na Buganda za miaka 1861–1862 zingekuwa hazina kubwa. Hata hivyo, kuna uwezekano mdogo kwamba vioo vingefika salama. Kama itakavyoelezwa chini, karibu mwaka mmoja baadaye mizigo ya Grant ilitekwa, na chupa na vioo visingepona katika vurugu ile. Isitoshe, kamera ya wakati huo haikuona rangi, na haikuweza kushika watu wanaocheza ngoma wala askari wanaopita mbio.

Mfano wa karibu unatoka upande wa kusini. Katika safari ya David Livingstone ya Mto Zambezi, iliyoanza mwaka 1858, walikuwepo mchoraji hodari Thomas Baines na kamera iliyosimamiwa na Charles Livingstone, ndugu yake mkuu wa msafara. Baines alifukuzwa mwaka 1859 kwa tuhuma za wizi ambazo alizikana maisha yake yote. Lakini safari ile inakumbukwa kwa macho kupitia picha za Baines, si kupitia kamera.

Namna ya kuchora safarini

Rangi za maji zinafaa kwa mtu asiye na nafasi wala wakati. Rangi ya mafuta inahitaji turubai, mafuta ya kuchanganyia, na siku nyingi za kukauka. Rangi ya maji inahitaji kisanduku kidogo cha bati kinachoingia mfukoni, brashi mbili tatu, penseli, karatasi na kikombe cha maji. Tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19 watengenezaji wa London walikuwa wakiuza rangi zilizolainishwa ambazo hazikuhitaji kusagwa kwanza, na maafisa wengi wa jeshi walizoea kuzitumia. Katika vyuo vya kijeshi vya Uingereza kuchora mandhari lilikuwa somo la kawaida, maana afisa aliyeweza kuchora kilima na mto aliweza kueleza uwanja wa vita.

Kazi yenyewe hufuata mpangilio maalumu. Kwanza penseli huweka mistari mikuu. Kisha rangi nyepesi iliyotiwa maji mengi hutandazwa, mara nyingi kuanzia anga, na ikikauka hufuatwa na rangi iliyo nzito zaidi. Weupe hautokani na rangi bali na karatasi iliyoachwa wazi, kwa hiyo mchoraji lazima ajue mapema ni wapi hatagusa. Kosa halifutiki kwa urahisi. Hii ndiyo sababu watu husema rangi ya maji ni rahisi kubeba na ngumu kutumia.

Hali ya hewa nayo hutawala. Chini ya Uluguru, mwanzoni mwa vuli, karatasi hunywa unyevu wa hewa na rangi hukawia kukauka, zikaingiliana. Huko Ugogo, wiki chache tu mbele, mambo hugeuka: hewa ni kavu, rangi hukauka kabla brashi haijafika mwisho wa anga, na maji yenyewe yalikuwa ya kununuliwa. Katika sehemu nyingi za Ugogo misafara ililipa kwa nguo ili kuteka maji ya kunywa, na maji ya kusafishia brashi yalitoka katika kibuyu hichohicho.

Kuhusu wakati, utaratibu wa siku unajulikana kutokana na maandishi ya wasafiri wenyewe. Msafara ulianza mapema asubuhi na kupiga kambi jua lilipokuwa kali. Baada ya kula na kuvuta kiko, wawili hao walitoka kuzunguka mashamba na vijiji kuona kilichopo. Chakula cha jioni kililiwa karibu na machweo, na baada ya hapo giza, ambalo huingia ghafla katika nchi za ikweta. Katika nafasi hiyo ya alasiri Grant alikuwa na mimea ya kubana katika karatasi na kuandikia maelezo, vipimajoto vya kusoma, kipimo cha mvua cha kuangalia, na maji ya kuchemshwa ili kukadiria urefu wa mahali juu ya bahari. Uchoraji ulipata saa iliyobaki. Kwa sababu hiyo picha zake ni ndogo na za haraka, nazo hazina mapambo mengi.

Mininga na kuporwa kwa mizigo

Mapema mwaka 1861 msafara ulifika Kaze, karibu na Tabora ya leo. Wapagazi walikuwa wamepungua kwa kutoroka, na vita kati ya Waarabu na mtemi Manwa Sera vilizuia njia. Kwa miezi kadhaa Grant, akiwa dhaifu kwa homa, alikaa Mininga, Unyamwezi, nyumbani kwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyeitwa Sirboko, huku Speke akienda huku na huko kutafuta wapagazi.

Septemba 1861 Grant alipokuwa akija nyuma na sehemu yake ya msafara, watu wa mtemi Myonga waliuvamia. Wapagazi walitupa mizigo na kukimbia, na sehemu kubwa ya mali ikachukuliwa. Baadaye sehemu ya mizigo ilirudishwa baada ya mazungumzo. Yanayosimuliwa kwa kawaida ni hasara ya nguo na shanga, lakini ndani ya mizigo ya namna hii ndimo karatasi na mimea iliyokaushwa ilimokuwa ikisafiri pia.

Miezi ya Karagwe

Novemba 1861 walifika Karagwe, katika mkoa wa Kagera wa leo, kwa Mukama Rumanika, ambaye aliwapokea vizuri kuliko mtawala yeyote waliyekutana naye njiani. Mwezi uliofuata mguu wa Grant ulivimba na kupata donda baya juu ya goti. Hakuweza kutembea. Kabaka Mutesa wa Buganda alipotuma watu kuwaita wageni, Speke aliondoka peke yake Januari 1862, naye Grant akaachwa.

Alikaa Karagwe hadi Aprili 1862, muda mrefu wake akiwa amelala ndani ya kibanda. Wenyeji walimjaribia dawa zao, na Rumanika na wanawe walikuja kumtazama. Kwa mpelelezi aliyekuja kutafuta chanzo cha Naili, miezi hiyo ilikuwa bahati mbaya. Kwa mchoraji ilikuwa kinyume chake. Kwa mara ya kwanza alikuwa na wakati, ingawa nafasi yake ilikuwa kitanda na mlango wa kibanda. Watu walimjia, na yeye aliwaona kwa karibu, siku baada ya siku, si kwa kupita. Kitabu chake kina kurasa nyingi juu ya maisha ya kawaida ya Karagwe: ng'ombe, pombe ya ndizi, muziki, mavazi, namna ya kusalimiana. Habari hizi hazimo kwa wingi huo katika kitabu cha Speke, aliyekuwa na haraka.

Haimaanishi kwamba Grant alikuwa huru na mawazo ya zama zake. Aliandika juu ya Waafrika kwa namna ambayo msomaji wa leo ataona dharau mahali pengi, na nadharia ya wakati huo kwamba watawala wa nchi za maziwa walikuwa watu wa asili nyingine, walio bora, inaonekana katika vitabu vya wote wawili. Nadharia hiyo ilikuja kuleta madhara makubwa katika karne ya 20.

Buganda, na chanzo ambacho hakukiona

Aprili 1862 Grant alibebwa kwa machela kutoka Karagwe, akafika jumba la Mutesa mwisho wa Mei, bado akichechemea. Huko alichora mambo ya ikulu, na picha ya Mutesa akikagua askari wake ilikuja kuwa moja ya picha zinazojulikana zaidi za Buganda ya kale.

Julai 1862 waliondoka pamoja kuelekea kaskazini. Njiani Speke alimwagiza Grant aende moja kwa moja kwa Kamrasi, mfalme wa Bunyoro, naye akageukia mashariki. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama peke yake mbele ya maporomoko ambapo Naili inatoka ziwani, karibu na Jinja ya leo, akayaita Ripon. Sababu iliyotolewa ni kwamba mguu wa Grant usingemudu mwendo wa haraka. Wengi tangu wakati huo wameuliza kama hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote. Grant mwenyewe hakulalamika kamwe hadharani, wala hakuruhusu wengine wamlalamikie. Matokeo yake lakini ni makubwa: mchoraji wa msafara hakuwepo mahali ambapo msafara mzima ulikuwa umekuja kupaona, na shahidi wa pili wa Kizungu hakuwepo pia. Upungufu huo ulimpa Burton silaha katika ubishi uliofuata.

Februari 1863 walifika Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo, wakamkuta Samuel Baker. Katika watu zaidi ya 200 walioondoka Bagamoyo, waliofika nao hadi Cairo walikuwa 18, wakiongozwa na Bombay. Huko Cairo walipigwa picha ya kamera kwa pamoja kabla ya kurudishwa Zanzibar kwa njia ya bahari.

Picha katika vitabu

Kitabu cha Speke juu ya ugunduzi wa chanzo cha Naili kilitoka mwaka 1863, na ukurasa wake wa kwanza ulitaja kwamba picha zake nyingi zimetokana na michoro ya Kapteni Grant. Grant alitoa kitabu chake mwaka 1864, kiitwacho *A Walk Across Africa*. Jina hilo lilitokana na maneno ya mzaha ya Waziri Mkuu Lord Palmerston, aliyemwambia kwamba ametembea mwendo mrefu.

Msomaji anapaswa kujua tofauti kati ya picha za Grant na picha zilizochapishwa. Vitabu vya wakati huo havikuweza kuchapa rangi za maji kwa bei nafuu. Mchoro ulipelekwa kwa mchoraji wa London, mara nyingi Johann Baptist Zwecker, aliyeuchora upya kwa ajili ya kuchongwa juu ya mbao. Mtu huyo hakuwa katika safari. Alijaza pale ambapo Grant aliacha wazi: aliongeza misuli, mikao ya kuigiza, nyuso zilizofuata mtindo wa Ulaya na matukio ya kusisimua. Rangi zote zikawa nyeusi na nyeupe. Kwa zaidi ya miaka 100 watu walioamini kwamba wanaiona Karagwe au Buganda ya mwaka 1862 kwa hakika walikuwa wakiona kazi ya mikono miwili au mitatu, na wa mwisho ndiye aliyekuwa na sauti kubwa zaidi.

Rangi za maji zenyewe zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti mjini Edinburgh, pamoja na shajara na barua zake. Ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za rangi zilizochorwa papo hapo kuhusu watu na nchi kati ya Bagamoyo na Bunyoro. Grant hakuwa msanii mkubwa. Watu wake wakati mwingine wamesimama kama vigingi. Lakini katika picha zake nguo ni nguo zilizokuwepo, na nyumba ina umbo la nyumba ya mahali pale. Mwanahistoria wa Tanzania au Uganda anaweza kuzitumia kwa imani zaidi kuliko zile za vitabuni.

Mimea na wanyama

Mimea aliyokusanya Grant ilipelekwa Kew, London, ambako Daniel Oliver na wenzake waliichunguza. Maelezo yake yalichapishwa kuanzia mwaka 1872 katika juzuu la 29 la jarida la Jumuiya ya Linnean, pamoja na dibaji na maelezo ya Grant mwenyewe. Mingi haikuwa imejulikana kwa wanasayansi, na spishi kadhaa zilipewa jina lake. Katika maelezo yake mara nyingi aliandika matumizi ya mmea kwa wenyeji: chakula, dawa, kamba au rangi. Swala anayeitwa swala granti, anayeonekana leo Serengeti na nyika nyingine za Tanzania na Kenya, pia amepewa jina la Grant.

Maisha ya baadaye

Mwaka 1864 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimpa medali ya dhahabu. Septemba mwaka huohuo Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa katika uwindaji, siku moja kabla ya mjadala wake na Burton huko Bath. Grant alihudhuria mazishi, na kwa zaidi ya miaka 27 iliyobaki aliendelea kuitetea kazi ya mwenzake. Safari ya Stanley ya kulizunguka Ziwa Viktoria Nyanza mwaka 1875 ilionyesha kwamba Speke alikuwa sahihi kuhusu jambo kuu.

Grant alioa mwaka 1865. Mwaka 1868 alitumikia katika idara ya upelelezi ya jeshi la Kiingereza lililoivamia Uhabeshi, kisha akastaafu akiwa luteni kanali na kuishi Nairn. Mmoja wa wanawe, aliyebeba jina lake, alifuatana na Joseph Thomson katika safari ya kuelekea Katanga mwaka 1890.

Bombay alifuatana baadaye na Stanley na kisha na Verney Lovett Cameron, akapewa pensheni na Jumuiya ya Jiografia mwaka 1876, akafariki mwaka 1885. Grant alifariki nyumbani Nairn tarehe 11 Februari 1892, akazikwa katika mji huohuo. Wakati huo nchi za Wazaramo, Wakutu na Waluguru alizozipita mwaka 1860 zilikuwa tayari chini ya utawala wa Wajerumani.